Ceinwen wa Bakuli, Mkunga Aliyeanzisha Kwaya ya Wajawazito Cwm Helyg

Familia inawashukuru nyote mliopanda mlima huu leo, pamoja na matope yake. Mliokosa nafasi ndani, milango imeachwa wazi kwa makusudi, na msomaji atajitahidi kupaza sauti iwafikie huko mliko. Haya ndiyo maisha ya marehemu kwa ufupi, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kusema jambo kwa ufupi.

Marehemu Ceinwen Pugh, ambaye nyumbani kwao alikuwa Ceinwen Probert, alizaliwa tarehe 9 Aprili 1898 katika Mtaa wa Jerusalem, hapa hapa Cwm Helyg. Alikuwa mtoto wa kwanza wa Gomer Probert, mchimba makaa, na mkewe Hannah. Walimfuata wavulana wawili ambao hawakufikisha mwaka. Tarehe 17 Novemba 1909 Hannah alijifungua binti, Luned, na jioni ile ile akafariki. Majirani walisema hakuwa na damu. Ceinwen alikuwa na miaka kumi na mmoja, na mtoto mchanga aliwekwa mikononi mwake akiwa amefungwa kwenye shali ya mama yao. Alipozungumza juu ya mama yake, jambo alilolikumbuka kuliko yote ni kwamba hakuwahi kumwona ameketi mezani.

Alisoma katika shule ya kijiji. Baada ya msiba baba yake alitaka aache, lakini Ceinwen alikwenda shuleni siku iliyofuata mazishi akiwa amembeba Luned kifuani kwa shali, akaketi dawati la nyuma, akajibu hesabu huku akimbembeleza. Mwalimu alitazama, akafikiri, akasogeza dawati lile karibu na jiko la makaa. Luned amejigamba maisha yake yote kwamba alimaliza darasa la tano kabla hajaota meno. Alipofika miaka kumi na mitatu marehemu alikwenda kufanya kazi za ndani, wakati wa vita ya kwanza akawa jikoni kwenye hospitali ya askari, na mwaka 1919 akaanza mafunzo ya uuguzi na ukunga mjini Cardiff. Tarehe 2 Machi 1925 alirudi hapa akiwa muuguzi wa bonde, na baiskeli ambayo breki zake zilifanya kazi zilipojisikia.

Mnajua desturi yetu ya kumwita mtu kwa kazi yake. Tuna Dan wa Nyama, tuna Elias wa Maziwa, na mgodi ulipofungwa mwezi Agosti 1930 tulibaki na akina Tom wa Shimo ambao hawakuwa na shimo. Wanaume waliishi kwa posho ya serikali. Mkaguzi alipita nyumba kwa nyumba kutazama kila kilichoingia mlangoni, maana kijana akipata kibarua, au babu akiwa na pensheni yake, posho ya nyumba nzima ilipunguzwa. Hayo mliyaishi, hayahitaji maelezo. Linalohitaji kusemwa leo ni jambo ambalo hatukupenda kulisema wakati ule. Katika nyumba zetu mwanamume alikula kwanza, kwa sababu anashuka shimoni. Wakafuata watoto. Mwanamke alikula mwisho, kilichobaki kama kilibaki. Mgodi ulifungwa, desturi ikabaki wazi.

Kuanzia mwaka 1931 kaunti ilitoa maziwa na mayai kwa wajawazito, na Ceinwen ndiye aliyeyapeleka. Aliyafunga nyuma ya baiskeli kwa uangalifu ambao hakuwahi kuwaonyesha wagonjwa, akayagawa mlango kwa mlango, akarudi nyumbani na moyo mweupe. Hata hivyo wanawake waliendelea kuzimia kanisani, na watoto waliendelea kuzaliwa wadogo. Mwezi Februari 1933 mdogo wake Luned, ambaye alikuwa ameolewa na Emlyn Vaughan, alijifungua mtoto wa kiume ambaye hakulia. Amelala pale juu makaburini, karibu na ukuta. Ceinwen ndiye aliyempokea kwa mikono yake. Kilichomtesa ni kwamba alikuwa amepeleka maziwa katika nyumba ile kila siku ya Mungu, na hakuelewa yamekwenda wapi.

Alielewa mwezi Oktoba 1935. Luned alikuwa na mimba tena, ya miezi mitatu, na hofu ilikuwa imetanda katika familia ingawa hakuna aliyeitaja. Mchana mmoja mvua ilimfukuza Ceinwen barabarani, akaingia kwa mdogo wake kwa mlango wa nyuma, saa ambayo si yake. Emlyn alikuwa mezani na yai mbele yake. Baba yake Emlyn, Mzee Caleb, ambaye kifua chake kilikuwa kimejaa vumbi la makaa, alikuwa anakunywa maziwa. Luned alisimama kando ya jiko na kikombe cha chai ya rangi.

"Chako kiko wapi?" Ceinwen akauliza.

"Nimeshakula, dada."

"Umekula nini?"

"Nimekula tu. Mapema, kabla hawa hawajakaa."

"Jana nimeleta mayai mawili. Moja naliona kwa shemeji. La pili?"

Mzee Caleb alijifuta masharubu polepole, na masharubu yale yalikuwa ya njano.

Emlyn aliweka kijiko chini. "Luned, si uliniambia la kwako ulikula asubuhi?"

"Nilikula."

"Na juzi?"

"Kula, Emlyn, linapoa."

Emlyn aliisukuma sahani, akatoka, akasimama uani kwenye mvua. Yumo humu ndani leo, na amekubali isemwe kwamba alilia.

"Haya, umemharibia mwenzio chakula," Luned akamwambia dada yake. "Umefurahi? Kesho anatembea hadi bonde la pili kuuliza kazi. Atatembea na nini?"

"Na wewe utazaa na nini?"

"Mama alizaa na njaa. Mbona mimi nipo?"

"Wewe upo," Ceinwen akasema. "Mama yupo?"

Luned alikaa chini. Ilikuwa mara ya kwanza kwa Ceinwen kumwona mdogo wake ameketi kwenye meza ile.

Wiki hiyo alipita mitaa yote saa za chakula, bila taarifa. Kila jiko lilikuwa na mwanamke amesimama, na kila mwanamke alikuwa na jibu lile lile: nimeshakula. Wengine walilisema wakicheka, wengine wakimpangusa mtoto mdomo. Usiku wa Jumamosi alimwambia baba yake kwamba sasa anajua mama yao alikufa kwa nini. Mzee Gomer akasema yeye alikuwa anajua tangu siku ile.

Kuwaambia wanywe mbele yake hakukusaidia. "Nitameza vipi, Nesi, na huyu ananitazama?" aliuliza Marged, mke wa Tom wa Shimo, akimwonyesha mtoto wake wa miaka miwili. Ceinwen aliomba chumba, akapika supu, akawaita waje bila watoto. Walikuja, wakayatazama mabakuli, wakafunga makoti. Walikuwa wameshapanga foleni ya supu wakati wa mgomo wa wachimba makaa wa mwaka 1926, na waliapa hawatapanga nyingine. Mmoja alimwambia, kwa heshima zote, kwamba yeye si ombaomba na tena ameshakula.

Hapo ndipo marehemu alipokumbuka chai ya kwaya. Wageni waliotoka mbali leo wavumilie, maana ni hadithi inayotuuma. Zamani kwaya ya wanaume ya hapa ilikuwa na tabia ya kutia keki mifukoni baada ya mazoezi ili wapelekee watoto. Siku moja kwaya ya bonde la pili ilikuja kututembelea, ikakuta sahani tupu. Walirudi kwao wakicheka, na wanacheka mpaka leo. Kuanzia siku hiyo ikawa sheria ya Cwm Helyg: chai ya kwaya inaliwa hapo hapo kwenye benchi, inaliwa na kila mwimbaji, na hakuna hata chembe inayotoka mlangoni. Anayekataa amewatukana wenzake. Anayebeba anafukuzwa. Wapo watu hapa waliosamehewa makubwa kuliko hilo.

Ceinwen alimwendea Idwal Pugh, mwalimu wa ile kwaya, ambaye wanaume wake walikuwa wametawanyika kuvuka mpaka kwenda Uingereza kutafuta kazi. Alimkuta kwenye kibustani chake anang'oa liki, vile vitunguu virefu vya majani.

"Idwal, nataka kwaya."

"Mimi pia."

"Ya wanawake wenye mimba."

Idwal alinyoosha mgongo. "Nesi, mwanamke mwenye mimba hana pumzi."

"Ndiyo maana nakuhitaji. Mwambie mtu kwamba ana njaa, atakuchukia. Wewe waambie tu hawana pumzi."

Idwal alimtazama, akazitazama liki zake. "Na hizi ndizo unazozitaka kwenye sufuria, siyo?"

"Hizo, na viazi. Dan wa Nyama ameshanipa shingo ya kondoo."

Kilichobaki kilikuwa ukumbi mdogo wa kanisa, na ufunguo wake uliokuwa kwa Mzee Hopkin Rees, mkubwa wa wazee wa kanisa. Mwanamke wa hapa, tumbo likianza kuonekana, alikaa nyumbani mpaka ajifungue. Kusimama mbele ya watu na kuimba lilikuwa jambo lisilosemeka. Mzee Hopkin alilisema hilo kwa njia tatu tofauti.

"Mzee Hopkin," Ceinwen akamjibu, "hao wanaokaa viti vyako vya mbele kila Jumapili walitoka wapi?"

"Nesi, usinitanie."

"Sikutanii. Wajukuu zako nimewapokea mimi. Unataka nikueleze walitoka wapi?"

Mzee Hopkin alitoa ufunguo. Aliweka sharti moja, kwamba waingie kwa mlango wa nyuma.

Jumanne ya tarehe 12 Novemba 1935 waliingia kwa mlango wa nyuma, makoti yamefungwa hadi shingoni, macho chini. Luned alikuwa wa mwisho. Idwal aliwapanga, akainua mkono, wakaimba ubeti mmoja. Akashusha mkono.

"Mmeimba kama mlango wa zizi," alisema. "Mna nini humo tumboni?"

"Watoto, Idwal," Marged akajibu. "Hukuambiwa?"

Walicheka mpaka wakashikana. Wapo waliosema baadaye kwamba kicheko kile ndicho kilichofungua makoti. Idwal aliwaacha watulie. "Na zaidi ya watoto?" akauliza, na safari hii hakuna aliyecheka. "Basi tunakunywa chai kwanza, halafu tunaimba."

Chai ilikuwa bakuli la mchuzi wa kondoo wenye liki, mkate, na kikombe cha maziwa ya kaunti yaliyokuwa yakitangatanga mitaani tangu mwaka 1931. Luned alikula mchuzi. Mkate aliushika, akatazama huku na huku, mkono ukaanza kushuka kuelekea mfuko wa aproni.

"Luned Vaughan," Idwal akasema bila kugeuka, "hiyo ni chai ya kwaya."

Aliutafuna mkate ule machozi yakimtiririka, kwa sababu alimwona Emlyn katika kila tonge. Emlyn, kwa taarifa yenu, wakati huo alikuwa nyuma ya ukumbi anapasua kuni za jiko lile, pamoja na Tom na waume wengine waliojileta wenyewe baada ya kusikia. Alikuwa hajala tangu asubuhi. Anasema hakuwahi kujisikia ameshiba namna ile.

Ikawa kila Jumanne na kila Ijumaa, kisha siku tano kwa wiki, maana Idwal aligundua ghafla kwamba kwaya ina kasoro nyingi. Ndipo watu wakaanza kumwita marehemu Ceinwen wa Bakuli. Mwezi Februari habari zilimfikia mkaguzi wa posho, Bwana Treharne, kijana mrefu aliyekonda aliyetoka chini ya bonde. Kama alichokula mke kingehesabiwa kuwa ni pato la nyumba, posho ya mume ingekatwa, na kwaya ingekufa wiki ile ile. Aliingia katikati ya mazoezi. Wanawake walinyamaza wote. Luned alijishika tumbo.

"Nimeambiwa hapa watu wanalishwa," akasema.

"Hapa watu wanaimba," Ceinwen akajibu.

"Na hayo mabakuli?"

"Bwana Treharne, nyumbani kwenu kuna kwaya?"

"Ipo."

"Inakula?"

"Inakula," akakubali.

"Mkaguzi wa huko anaihesabu?"

Idwal akamuuliza kijana yule anaimba sauti gani, akasema besi, akaambiwa basi asimame mahali pa besi, maana hawakuwa na hata mmoja. Alivua kofia na kuimba wimbo mzima, na sauti yake ilikuwa nzuri kuliko kazi yake. Walipoketi, Ceinwen alimpelekea bakuli.

"Asante, Nesi," akasema, "nimeshakula."

Benchi zima liliangua kicheko. Maskini hakujua kwa nini. Marged alimwambia, "Kaa chini, mwanangu, hiyo tumeitunga sisi." Alikaa, akala, na kwa kasi yake ilionekana wazi kwamba hata nyumba ya mkaguzi ilikuwa na siku zake. Aliondoka, na posho ya mtu yeyote wa Cwm Helyg haikuguswa kwa sababu ya bakuli la mchuzi. Popote alipo, familia inamkumbuka kwa wema.

Tarehe 21 Aprili 1936, alfajiri, Luned alijifungua. Ceinwen aliwatoa wanaume wote nje ya nyumba kama desturi, akabaki na mdogo wake. Luned anasema uchungu ulipozidi dada yake alimwambia avute pumzi kama Idwal alivyofundisha, na alipomwambia atoe, alitoa na matusi. Mtoto alikuwa wa kike na alilia mpaka Mzee Caleb akagonga ukuta kutoka nje. Aliitwa Hannah. Ndiye anayewasomea maneno haya, na kwa masikitiko ya familia hawezi kuimba hata kwa kulazimishwa.

Tusidanganyane jeneza likiwa mbele yetu. Si kila mtoto wa miaka ile aliishi, na kuna akina mama ambao bakuli liliwafikia limechelewa. Lakini katika ile kwaya hakuna mama aliyezikwa kwa sababu ya kuzaa, tangu siku ya kwanza hadi siku ya mwisho, na marehemu hakuwahi kujivunia jambo jingine. Kwenye sikukuu ya nyimbo ya mwaka 1937, mbele ya kwaya za mabonde yote, Mzee Hopkin Rees aliinuka kwenye kiti chake, akaenda mwenyewe kufungua mlango mkubwa wa mbele, akaushikilia. Waliingia kwa mlango huo, wengine na matumbo, wengine na watoto kwenye shali, Luned mbele. Kwaya ya bonde la pili haikucheka.

Idwal alimwomba Ceinwen wafunge ndoa mwaka ule ule wa 1936. Muuguzi akiolewa wakati huo alipoteza kazi, na marehemu alimwambia hawezi kuyaacha matumbo yale. "Mimi sina kazi," Idwal akamjibu, "nina muda." Alisubiri. Vita ilipokuja na wauguzi wakaadimika, sheria ile ililegezwa, na wakafunga ndoa hapa tarehe 8 Juni 1940. Hawakujaliwa mtoto wao. Chai ya harusi ililiwa kwenye benchi, na hakuna kilichobebwa. Waliishi kwa kutaniana na kuimbiana mpaka Idwal alipotangulia tarehe 30 Septemba 1959. Hao wanaume mliowaona wamebeba jeneza leo wote walikuwa kwenye ile kwaya, ila hawakumbuki, kwa kuwa walikuwa bado hawajazaliwa.

Matibabu ya bure yalipofika mwaka 1948, Ceinwen alisema serikali imechelewa ila imefika, akaipigia makofi, kisha akaenda kuosha sufuria yake. Alistaafu mwaka 1958. Baada ya hapo aliendelea kuingia majikoni mwetu saa za chakula kwa mlango wa nyuma, na ole wake mwanamke aliyekutwa amesimama.

Msimu wa majani kupukutika mwaka jana moyo wake ulianza kuchoka. Miguu ilivimba, ngazi zikamshinda, na mwezi Desemba alihamia kwa Luned, kwenye kitanda kilichowekwa karibu na jiko. Alikuwa mgonjwa mbaya, kama wauguzi wote. Jioni ya Jumapili tarehe 19 Februari Luned alimletea mchuzi. Ceinwen aligeuza uso.

"Nimeshakula," akasema.

Luned hakumbembeleza. Alikwenda jikoni, akajipakulia bakuli lake, akavuta kiti, akaketi uso kwa uso na dada yake. "Chai ya kwaya, dada," akasema. "Sili kama huli." Ceinwen alimtazama kwa muda, akafungua mdomo. Walikula hivyo, kijiko huku, kijiko huku, mpaka mabakuli yote mawili yakaisha. Alifariki asubuhi ya Jumatatu tarehe 20 Februari 1967, mkono wake ukiwa katika mkono wa mtoto aliyemlea.

Marehemu ameacha mdogo wake Luned, shemeji yake Emlyn Vaughan, binti yao Hannah na mdogo wake wa kiume Gwilym, wajukuu watatu wa ukoo ambao wote wanamwita Bibi, na bonde zima la watu aliowapokea kwa mikono yake. Wanakwaya waliobaki, wakiongozwa na Marged, wataimba kaburini. Kisha tutashuka wote kwenye ukumbi mdogo, kwa mlango wa mbele, ambako mchuzi wa kondoo uko jikoni tangu alfajiri. Familia inawaomba jambo moja tu: leo asiwepo hata mmoja wa kusema ameshakula.

Apumzike kwa amani, na aketi mezani, pamoja na mama yake.